Storibodi Ipo, Filamu Haiungiki: Dalili na Vyanzo kwa Wanafunzi wa Filamu Mombasa

Filamu ikikataa kuungika kwenye kompyuta, mwanafunzi huilaumu kamera kwanza, kisha kompyuta, kisha mwigizaji aliyefika amechelewa. Mwombe karatasi zake za storibodi, ile michoro ya kila shoti (kipande kinachopigwa bila kukata) itakavyoonekana, mzipitie fremu moja moja, yaani sanduku moja moja la mchoro, na mara nyingi mtalikuta kosa limekaa pale, limechorwa kwa penseli siku nyingi kabla kamera haijawashwa. Aliyechora alikuwa mezani, akiwazia nyumba ambayo hajaiingia na ufuo ambao hajui maji yake hujaa saa ngapi.

Kwa hiyo hapa tunaanza na kilichoharibika, halafu tunarudi nyuma mpaka kwenye mchoro ulioleta madhara. Msimamo wangu ni kwamba storibodi huchorwa mara mbili. Mara ya kwanza nyumbani, ujue unataka nini. Mara ya pili ukiwa umesimama pale pale kamera itakaposimama, ujue unaweza kupata nini. Wengi huishia mara ya kwanza, na karibu kila dalili iliyo hapa chini imezaliwa hapo.

Mfano wetu ni filamu ya dakika 6. Bibi wa Mji wa Kale anafungua fundo la leso na kumpa mjukuu wake pesa za karo. Msichana anapanda tuktuk, pesa zinapotea njiani, anakwenda kuketi ufuoni Nyali mpaka jioni akitafuta la kumwambia bibi, kisha anarudi nyumbani. Chumba, kichochoro, barabara na bahari vyote vimo.

## Jua limetua, nusu ya shoti hazijapigwa

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi, na chanzo chake si uvivu. Mwanafunzi amehesabu fremu. Onyesho la leso lina fremu 14, akaona 14 si nyingi, wataimaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini muda hauliwi na fremu, unaliwa na mikao ya kamera. Kila tripodi inapong'olewa na kusimikwa kwingine, taa zinasogezwa, maiki inasogezwa, vyombo vilivyo nyuma ya mwigizaji vinapangwa upya na waigizaji wanarudia mazoezi. Fremu 14 zaweza kuwa mikao 4. Zaweza pia kuwa mikao 14 ukizipiga kwa mfuatano wa hadithi: uso wa bibi, uso wa msichana, bibi tena, msichana tena, na kila mara kamera inavuka chumba.

Toa nakala ya storibodi, kata kila fremu kwa mkasi, zimwage sakafuni, kisha zikusanye kwa mafungu. Zote zinazoonekana kutoka pembe moja na kwa lenzi moja ni fungu moja, na fungu moja ni mkao mmoja. Sasa hesabu mafungu. Kwa kikundi cha wanafunzi chenye taa mbili tatu, mimi hupanga nusu saa kwa kila mkao wa ndani, na sikubali robo saa hata kwa shoti inayoonekana rahisi. Mikao 4 ni saa mbili. Mikao 14 ni siku nzima, na nje hamjatoka.

Halafu tia alama fremu ambazo zikikosekana hadithi inakufa. Katika filamu yetu ni tatu: fundo likifunguliwa, pesa zikiingia mkononi mwa msichana, na mkono ule ule baadaye ukiwa mtupu. Hizo zipigwe mapema katika fungu lake, kabla watu hawajachoka. Kikundi kikianza asubuhi na shoti pana ya kichochoro kwa sababu inapendeza, ikatengenezwa mpaka saa nne, fundo la leso litapigwa wakati bibi ameshaanza kuuliza mtamaliza lini.

Tazama na mwendo kati ya mahali na mahali. Onyesho la ufuoni ni la jioni, na la kurudi kwa bibi ni la jioni. Kwenye karatasi yanafuatana vizuri, lakini katikati yao kuna Daraja la Nyali saa za watu kutoka kazini. Hizo ni jioni mbili tofauti, ziandikwe hivyo.

## Mchoro unaonyesha mtu mzima, kamera inaonyesha nusu yake

Hapa hesabu ndogo huokoa mengi. Nyumba za kale za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni virefu lakini vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi kwa upana. Mwanafunzi amechora bibi na mjukuu wamesimama, wanaonekana kutoka kichwani hadi miguuni, kamera ikiwa ukuta wa pili. Siku yenyewe mpiga kamera anabandika mgongo ukutani na bado miguu haionekani.

Umbali unaohitajika ni kimo cha unachotaka kionekane, mara urefu wa lenzi (ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake), ugawe kwa kimo cha kihisi cha kamera, kile kipande cha ndani kinachopokea picha. Mtu aliyesimama, pamoja na nafasi kidogo juu na chini, mkadirie mita 2. Kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa upana, ikipiga video ya 16:9, lile umbo la skrini pana, hutumia kimo cha milimita 20 hivi. Kwa lenzi ya milimita 50 utahitaji mita 5. Kwa lenzi ya 24, mita 2.4. Kamera nyingi za wanafunzi zina kihisi kidogo zaidi, kimo chake kwenye 16:9 ni milimita 13 hivi, kwa hiyo lenzi ile ile ya 50 inadai karibu mita 8, na lenzi ya 18 inadai karibu mita 2.8. Ongeza na mahali pa mpiga kamera mwenyewe kusimama. Sasa unaona kwa nini mchoro ule haukuwezekana tangu mwanzo.

Ukuta hausogei, basi mchoro ndio usogee. Kamera iwekwe kwenye urefu wa chumba, si kwenye upana. Au itoke nje kabisa, isimame chumba cha pili au uani na kupiga kupitia mlango. Nyumba hizi vyumba vyake hufuatana, mlango ukitazamana na mlango, na fremu ya mbao ya mlango ikionekana pembeni inampa mtazamaji hisia ya kuchungulia jambo la ndani, ambayo kwa hadithi ya pesa zilizofichwa lesoni inafaa sana. Au bibi aketi mkekani. Mtu aliyeketi chini hafiki mita 1, na nusu ya tatizo limeisha.

Usikimbilie tu lenzi pana zaidi. Uso ukiwa karibu na lenzi ya 18, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Kwa shoti pana sawa, kwa uso wa bibi hapana.

Siku ya kwenda kukagua mahali beba simu tu. Lenzi kuu ya simu nyingi huona karibu sawa na lenzi ya 24 hadi 28 kwenye kihisi kikubwa, na ukiikuza mara mbili unakaribia 50. Simama, piga picha, na uchore storibodi ya pili kutoka kwenye picha hizo.

## Wawili wanazungumza lakini hawatazamani

Kwenye uhariri, bibi anatazama kulia. Inakuja shoti ya msichana, naye anatazama kulia. Kila mmoja peke yake kapigwa vizuri, mwanga safi, sauti safi, ila wakiunganishwa wanaonekana wote wawili wanazungumza na mtu wa tatu aliye nje ya chumba.

Kuna mstari kati ya watu wawili wanaotazamana, na kamera ikichagua upande mmoja wa mstari huo inabaki upande huo, ndani ya nyuzi 180. Wanafunzi wanaijua kanuni hii na wanaiandika vizuri kwenye mtihani. Wanaivunja kwa sababu storibodi haina mstari. Mchoro wa fremu unaonyesha kamera inaona nini, hauonyeshi kamera iko wapi. Basi asubuhi ya kupiga mtu anasema mwanga wa dirishani ni mzuri zaidi kwa uso wa msichana, kamera inahamia upande wa mlangoni, na hakuna karatasi ya kumwambia kwamba ameshavuka.

Kwa kila onyesho chora ramani ya juu, kama unatazama chumba kutoka darini: kuta, mlango, dirisha, duara kwa kila mtu na pua ndogo kuonyesha anakoelekea, mstari kati yao, na pembetatu kwa kila mkao wa kamera. Ningelazimishwa kuchagua kati ya fremu zilizochorwa kwa ustadi na ramani mbovu ya juu, ningechukua ramani. Kisha kwenye kila fremu ya uso, weka mshale mdogo kando ya pua. Panga fremu zote mezani na ufuate mishale tu. Bibi kulia, msichana kushoto, kila mara. Ule unaokwenda kinyume ndio utakaokutesa.

Mstari unaweza kuvukwa, ila mtazamaji avuke nawe. Msichana anyanyuke na kupita mbele ya bibi ndani ya shoti, au kamera itembee tukiiona inatembea, au pawe na shoti iliyokaa juu ya mstari wenyewe, uso ukitazama karibu na lenzi, kabla ya kuhamia upande wa pili.

Safari nayo ina mstari. Tuktuk ikitoka nyumbani kutoka kushoto kwenda kulia, iendelee hivyo kila shoti mpaka ifike, na kurudi iwe kulia kwenda kushoto. Na kama watazamaji wako ni wa Mombasa, usiweke zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue kwenye safari ya kutoka Mji wa Kale kwenda Nyali kwa sababu tu zinajulikana. Njia haipiti huko. Ukumbi mzima utaacha kumfikiria msichana na kuanza kujiuliza dereva anaelekea wapi.

## Shoti zinaruka, kama kipande kimepotea

Vyanzo ni viwili, na vyote vinaonekana kwenye karatasi. Cha kwanza ni fremu mbili zinazofuatana ambazo zinafanana mno: mtu yule yule, ukubwa karibu ule ule, pembe karibu ile ile. Zikiunganishwa mtu anaonekana kashtuka. Kamera ihame angalau nyuzi 30, na ukubwa wa mtu ndani ya fremu ubadilike waziwazi, sio kwa upana wa kiganja tu.

Cha pili ni tendo lililobanwa ndani ya fremu moja. Chukua fundo la leso. Kwenye storibodi nyingi ni sanduku moja lenye maneno "bibi anatoa pesa". Lakini fundo la leso halifunguki hivyo. Ncha imekunjwa, noti zikafichwa ndani, ikasokotwa na kukazwa kwa vidole vilivyofanya hivyo miaka mingi. Kulifungua kunataka ukucha, na likikaza sana, meno. Mwigizaji atachukua sekunde 20, na mara ya pili hatafanya kama mara ya kwanza. Ukiwa na shoti pana moja na shoti moja ya mikono, utakuta kwenye ile pana fundo bado limefungwa na kwenye ya mikono noti zimeshatoka, na hapo mhariri hana pa kukimbilia.

Chora tatu. Kwanza shoti ya kati: mkono unaishika ncha ya leso, na tunaujua ni mkono upi. Andika chini ya fremu: kulia. Pili shoti ya karibu kabisa: ukucha unaingia kwenye fundo, pindo linalegea, ukingo wa noti iliyokunjwa mara nne unaanza kuonekana. Tatu uso wa msichana, macho yameshuka, mikono ya bibi hatuioni kabisa. Hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayobeba onyesho. Mhariri akiwa nayo anaweza kuzifanya sekunde 20 kuwa 4, anaweza kuruka pale mkono ulipobadilika, na mtazamaji haoni pengo kwa sababu anasoma uso: msichana anaona bibi anatoa akiba yake yote. Tafuta katika kila onyesho fremu ya namna hii, ya mtu anayetazama, na uichore hata kama hujui bado utaiweka wapi.

Siku ya kupiga, kila shoti ya tendo ianze kabla ya tendo na iishe baada yake. Shoti ya karibu isianze na fundo tayari mkononi. Ianze mkono ukiwa unakuja.

## Jua na bahari havilingani na storibodi

Dalili hii ni yetu watu wa pwani. Kosa la kwanza ni jua linalozama baharini. Linachorwa mara kwa mara, duara nusu juu ya mstari wa maji na msichana amelitazama. Nyali inatazama Bahari ya Hindi, bahari iko mashariki. Jua linachomoza humo na kutua upande wa bara, nyuma ya mgongo wa msichana. Kama hadithi inataka bahari na jioni, basi chora uso wake ukipata mwanga wa anga huku maji mbele yake yakififia rangi, au kamera iwe upande wa majini ikimtazama yeye, jua likiwa nyuma ya minazi. Kama lazima jua litue juu ya maji, hama ufuo uende kwenye hori zinazozunguka kisiwa, mahali unapoweza kutazama magharibi ng'ambo ya maji. Na kama unaweza kuamka, alfajiri ya Nyali ikipigwa vizuri hakuna atakayejua si jioni, ilimradi kwenye fremu hakuna dalili ya asubuhi.

Muda wenyewe ni mfupi. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, jua hutua karibu wima, na likishatua una dakika 20 hivi kabla kiza hakijakuwa kiza. Mwaka mzima hutua kati ya saa 12 na dakika chache na saa 12 na robo tatu jioni. Storibodi yenye fremu 9 za "mwanga wa jioni" katika mikao 5 haitekelezeki jioni moja. Chagua 2, na nyingine ziwe za karibu mno kiasi kwamba unaweza kuzipiga saa kumi ukiwa kwenye kivuli.

Mchana una shida ya kinyume. Jua likiwa juu kabisa, kama saa 6 na dakika 20 hivi, macho yote hujaa kivuli. Mapema Machi na mapema Oktoba linapita utosini kabisa. Saa hizo ingia ndani, au nenda vichochoroni. Kichochoro chembamba kinachokwenda kaskazini na kusini kinapata jua la moja kwa moja kwa muda mfupi tu adhuhuri, na kabla na baada ya hapo kina kivuli kinachobaki sawa kwa saa nyingi. Kwa hiyo onyesho refu la kichochoroni lipange asubuhi au alasiri, ukikwepa ule mstari wa jua unaoteremka ukutani na kukata uso wa mwigizaji nusu kwa nusu.

Sasa maji, ambayo ndiyo huharibu kabisa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa hupita mita 3, na maji hujaa mnamo saa kumi alasiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Maana yake kwenye storibodi ni kubwa. Msichana umemchora ameketi kwenye mchanga mpana jioni. Ukienda siku ya bamvua, alasiri hiyo mchanga wenyewe karibu haupo. Umeenda kukagua asubuhi, umeona mchanga mpaka mwambani, ukachora hivyo, ukarudi saa kumi ukakuta mawimbi yanapiga ukuta. Siku za maji mafu, yasipojaa wala kupwa sana, wiki moja baadaye, saa hiyo ya jioni maji yatakuwa karibu na kupwa na mchanga utaupata. Na usigawe onyesho moja la ufuoni kati ya siku mbili zilizo mbali, maana mstari wa maji nyuma ya msichana utaruka mbele na nyuma kila ukikata.

Andika kwenye kona ya kila fremu ya baharini: tarehe, saa, maji yanajaa au yanapwa. Jedwali la maji linapatikana, na ukikosa, muulize mvuvi yeyote. Atakwambia bila kufungua simu.

Mvua za masika hushika zaidi Aprili na Mei. Shule ikikupangia filamu miezi hiyo, chora kila onyesho la nje na lake la akiba chini ya baraza au ndani ya tuktuk.

## Watu wameiangalia, hawakuelewa

Storibodi inapendeza, fremu zina kivuli na kina, na mtazamaji anauliza: kwani pesa zilipotea saa ngapi? Mchoraji alizipa nguvu fremu za mandhari na kuisahau habari. Mpe storibodi mtu ambaye hajasoma skripti, funika maneno yote yaliyo chini ya fremu, mwambie akusimulie anachokiona. Usimsaidie. Pale anaposema "sijui, labda..." ndipo fremu inakosekana. Kwa hadithi yetu itakuwa ndani ya tuktuk: tumeona pesa zikiingia mkononi, hatujaona mkono ukiziweka pasipostahili. Inahitajika fremu moja rahisi, mfuko wa sare wenye mshono ulioachia, kabla ya mfuko huo kuwa mtupu. Huhitaji ustadi wa kuchora. Watu wa vijiti wanatosha, mradi ukubwa wao ndani ya sanduku, urefu wa macho na wanakotazama ni sahihi.

Hakikisha sanduku lenyewe lina umbo la skrini. Ukichora kwenye mraba na kupiga kwa 16:9, pembeni zitajaa vitu ambavyo hukuvipanga.

## Dakika 6 zimekuwa 10

Ukurasa mmoja wa skripti iliyoandikwa kwa mpangilio wa kawaida hukadiriwa kuwa dakika moja, lakini ukurasa usio na maneno, kama ule wa ufuoni, hudanganya. Piga picha kila fremu kwa simu, ziweke kwenye programu yoyote ya kuhariri video, rekodi sauti zenu mkisoma mazungumzo, na kila fremu ikae muda unaodhani itakaa. Tazameni mara mbili bila kusimamisha. Msichana akiketi ufuoni sekunde 40 bila kutenda lolote, mtalihisi hapo hapo, na kufuta fremu ni rahisi kuliko kufuta shoti iliyowagharimu jioni nzima.

## Mpiga kamera amepiga kitu kingine

Mishale. Kwenye fremu moja kuna mshale, na hajui kama anayetembea ni msichana au kamera. Tumieni rangi mbili na msizibadilishe: nyekundu kamera, buluu mtu. Kamera ikigeuka pale pale ilipo, mshale uwe nje ya sanduku. Ikisogea, chora sanduku la mwanzo na la mwisho. Kila fremu iwe na namba ya onyesho na herufi ya shoti, na namba hiyo hiyo ndiyo iandikwe kwenye orodha ya shoti na kwenye ubao unaopigwa mbele ya kamera.

## Taa zinapepesa, mistari inatembea kwenye picha

Umeme wetu ni wa hezi 50. Piga fremu 25 kwa sekunde (hapa fremu ni picha moja ya video, si mchoro) na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, na taa nyingi za nyumbani zitatulia. Simu nyingi zimewekwa fremu 30, kwa hiyo badilisheni mapema na muandike juu ya ukurasa wa kwanza wa storibodi, kila kamera ifuate hiyo hiyo.

## Mmezuiwa kupiga

Leseni za kupiga filamu zinashughulikiwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya. Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, omba huko. Droni ni mambo ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bandarini, kivukoni na popote penye walinzi wa serikali, usichore fremu kwanza ukatafuta ruhusa baadaye.

Ruhusa ya mwenye nyumba ni jambo jingine, na hapo storibodi inafanya kazi ambayo barua haiwezi. Mama mwenye nyumba Mji wa Kale hatishwi na kamera. Anachotaka kujua ni nini cha ndani kwake kitaonekana na watu.

"Wanangu, na huku jikoni mutaingia?"

"La, bibi. Twapiga huu mlango na mkeka tu. Tazama, ndiyo hizi."

Unamwekea fremu mbele yake. Akisema pazia lile lisionekane, unalifuta hapo hapo kwa kifutio, mbele ya macho yake, na unahamisha kamera kwenye ramani. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchora kwa penseli.

## Picha ziko sawa, sauti haiungiki

Storibodi haina masikio, kwa hiyo ongeza mstari mmoja chini ya kila fremu: tunasikia nini hapa, ndani na nje ya fremu. Mji wa Kale una misikiti mingi, na adhana ikianza katikati ya maneno ya bibi, shoti inayofuata haitakuwa nayo. Zijue saa za swala za siku hiyo, zitoe kwenye ratiba kama mnavyotoa saa ya chakula, na waigizaji wanaoswali wapate nafasi yao. Kunguru hawana ratiba. Ukiona mti wao karibu na dirisha siku ya ukaguzi, maneno muhimu yahamishie chumba cha upande wa pili. Kabla ya kuondoka kila mahali, nyamazeni wote, rekodi dakika moja ya sauti ya mahali hapo ilivyo, na dakika hiyo iwe na fremu yake tupu kwenye storibodi, yenye namba, ili isisahauliwe.